Biskuti Tatu za Mwisho za Bi Estella

Benchi letu liko mbele ya duka la rangi, hapa Nazareti ya Pennsylvania, na wenyewe ni watatu: Tromboni, anayepuliza tarumbeta la jina hilo kwenye bendi ya kanisa letu la Moravian, Askofu, ambaye hajawahi kuwa hata shemasi, na Waya, fundi umeme mstaafu. Jumamosi niliwapelekea kopo lenye biskuti tatu za sukari, za mwisho alizooka Bi Estella kabla hatujamzika. Kesho yake kulikuwa na karamu ya upendo kanisani na mwokaji sasa nilikuwa mimi. Kadi yake ya mapishi inasema: siagi ukubwa wa yai, unga mpaka utoshe, na kile kidogo. Kipi? Hawa wamezila miaka arobaini. Nikawamiminia kahawa.

— Onjeni taratibu, mniambie aliweka nini.

— Dada Verna, kwanza tujue zilikotoka, Askofu akasema, akachukua moja. Hizi wazee wetu walizileta kutoka Ujerumani.

— Wapi! Tromboni akamega yake. Wazee walikuja na matarumbeta na njaa. Zilianzia hapahapa, makaburini.

— Makaburini?

— Ibada ya Pasaka, alfajiri, tunaifanyia huko. Unapuliza kwenye baridi ile, meno yanauma, unataka kitu laini. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

— Mgema kaingiaje hapo?

— Ameingia tu.

— Jamani, ladha, nikasema. Kuna kungumanga humo, au hakuna?

— Tulia, dada, tunakuja huko, Waya akasema huku akitafuna. Hawa hawafikiri. Mji unaitwaje? Nazareti. Bwana Yesu alikulia wapi? Sasa mama yake alimfungashia nini akienda kwenye useremala?

— Biskuti za sukari? Askofu akauliza. Sukari waliitoa wapi, we mzee?

— Una imani haba.

— Na wewe una akili haba.

— Haba na haba hujaza kibaba, Waya akajibu, akipangusa chembe ndevuni.

Nikachungulia kopo. Hata unga wa chini walikuwa wameukomba.

Ndipo akapita Bi Marisela, mwalimu aliyehamia juzi, akasimama.

— Shikamooni. Hizo biskuti za marehemu nazisikia kila ninapokwenda. Zina ladha gani?

Askofu akamtazama Tromboni. Tromboni akalamba kidole, polepole, kwa matumaini. Waya akainua kopo, akalinusa, akalirudisha.

— Tamu, akasema.

Nikachukua chupa yangu, kahawa ikiwa nusu, nikaenda nyumbani kumimina unga mpaka utoshe.