Lami Chini ya Pikapu

Kabla sijasema lolote, mwenye ile pikapu nyeupe iliyoegeshwa pale langoni, nisamehe. Ni mimi uliyenikuta nimepiga magoti nachungulia chini yake. Sikuwa naiba kitu. Ni mazoea tu, na mkinivumilia kidogo mtajua yalitoka wapi.

Mama zangu wa kikundi hiki, na nyinyi wazee mlioketi kule nyuma, wengi mnanijua kama mama wa samaki. Nimeuza samaki wa Dunga tangu kifungua mimba wangu akiwa mgongoni. Miaka hiyo ya themanini nilikuwa nanunua ngege na mbuta asubuhi ufuoni, nawapanga kwenye makreti na barafu, kisha naanza kubembeleza wenye magari wanipandishe mpaka masoko ya huko juu, Kiboswa na Chavakali. Gari likichelewa, samaki wanaharibika. Kwa hivyo mzee wangu alipostaafu kazi yake bandarini akaniambia, "Mama, sasa tunanunua pikapu yetu," nilifurahi kuliko yeye.

Habari ya gari ililetwa na shemeji yangu, mdogo wa mzee. Alisema kuna bwana mmoja mkubwa wa Milimani anauza pikapu yake. Gari la nyumbani tu, la kumpeleka mke kanisani na kuleta nyasi za ng'ombe.

Tukaenda, na hapo ndipo roho yangu ilipoanza kukataa. Huyo bwana hakutukaribisha ndani. Tulimkuta anatungoja nje ya lango, barabarani, gari limeoshwa mpaka linang'aa. Nikamwomba maji ya kunywa. Akasema mke ametoka na funguo za nyumba. Nikajiuliza, mtu mwenye boma kubwa hivi, hata bomba la uani hana?

Nikazunguka nyuma ya gari. Ndugu zangu, nawaambia, mtu aliyeshika samaki maisha yake yote huwezi kumdanganya pua kwa sabuni. Chini ya ile sabuni kulikuwa na harufu ya samaki wa chumvi, harufu ya maji ya chumvi yaliyochuruzika muda mrefu na kukaukia kwenye nyufa. Nikainama. Chini kote kulikuwa kumepakwa lami, nyeusi, laini, bado inanuka upya. Halafu nikitazama mlango, skrubu zake zimeshika kutu. Nani anayelipamba gari tumboni na kuuacha mlango?

"Bwana," nikamwuliza, "hili gari limewahi kubeba samaki?"

"Samaki? Hapana, mama. Nyasi tu."

"Na hii lami?"

"Hiyo ni ya kuzuia kutu. Watu wanaojali magari yao hupaka hivyo."

Mzee wangu alinivuta kando. "Wewe hata chai uliyopika mwenyewe unaishuku," akaninong'oneza. Shemeji akacheka. Nikaomba tulipeleke kwa fundi alipandishe kwa jeki. Yule bwana akatazama saa, akasema kuna mnunuzi mwingine yuko njiani anatoka Kericho. Mzee akaogopa kulikosa. Jioni ile pikapu ililala kwetu.

Mwanzoni ilitufaa, siwezi kusema uongo. Lakini mimi sikuacha kuitazama. Nyuma ya pale anapokaa dereva, kabla ya pale tunapopakia mizigo, kuna upenyo mdogo. Tulipoinunua, kidole changu kilipita hapo kwa shida. Kadiri tulivyopakia, upenyo ukawa unapanuka. Mlango wa dereva nao ukaanza kugoma kufunga gari likiwa na mzigo. Mzigo ukishuka, unafunga vizuri kabisa. Nikamwonyesha mzee. Akapeleka gari kwa fundi, rafiki ya shemeji. Fundi akasema ni raba zimelegea, akabadilisha raba.

"Bwana fundi," nikamwambia, "hebu gonga hiyo lami tuone kilicho ndani."

"Mama, ukiitoboa maji yataingia, ndio kutu itaanza."

Kila mtu alikuwa na sababu ya kutoigusa ile lami. Nikamshuku aliyetuuzia, nikamshuku fundi, na zaidi nikamshuku shemeji, kwa sababu kila nikitaja lami yeye anauliza kama chai iko tayari.

Asubuhi moja pale ufuoni, makreti yamekwisha kupakiwa, nilipeleka mkono kwenye ule upenyo, na kiganja changu chote kikaingia. Nikaweka kikapu changu chini.

"Mimi leo sipandi," nikamwambia mzee, aliyekuwa tayari kwenye usukani. "Na wewe usiende, Baba. Hili gari litakatika katikati."

"Litakatika?"

"Litakatika."

Nilisema kwa sauti, mbele ya wanawake wenzangu na wavuvi. Labda hilo ndilo lililomuudhi, kuambiwa mbele za watu. Akawasha gari, akaondoka peke yake.

Lilikatika kwenye kilima cha Riat. Waliokuwa karibu walisema gari lilipiga shimo likiwa linapanda, likalia mlio kama mti unaoanguka, nyuma ikalala chini na mbele ikainuka, kisha likarudi kinyumenyume mpaka mtaroni na kupinduka. Walimtoa mzee wangu akiwa amevunjika nyonga na mguu. Samaki walitapakaa barabara nzima.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa maana shida yangu haikuwa gari. Shida yangu ilianza pale gari lilipokatika kama nilivyosema.

Ukoo ulikutana kule nyumbani Seme. Nilidhani tunakutana kupanga zamu za hospitali. Shemeji akasimama. Akasema, "Huyu mama alisema mbele ya watu gari litakatika. Siku hiyohiyo akakataa kupanda. Mambo kama hayo mtu huambiwa na nani?"

Hakuna aliyenitetea. Nikaeleza habari ya upenyo, nikaeleza ile harufu ya samaki wa chumvi. Nikaona nyuso zinazidi kufungwa, kwa sababu kila nilichoeleza kilionyesha kwamba nilijua. Bibi mmoja akalitamka lile neno kwa Kidholuo, akasema nina juok. Nyinyi mnajua mwanamke akiitwa mchawi pale nyumbani anakuwa nani. Hata watoto wa jirani waliokuwa wakicheza mlangoni waliitwa ndani.

Siku iliyofuata nilimpelekea mzee ugali na samaki hospitalini. Dada yake akaipokea sufuria mlangoni, akaiweka nje, chini, ukutani. Nikapita hadi kitandani. Mzee wangu alikuwa macho. Akanitazama muda mrefu kama mtu anayemtafuta mtu mwingine ndani yangu.

"Uliniambia litakatika," akasema. "Nani alikuambia?"

"Macho yangu, Baba."

Akageuza uso kwenye ukuta. Nawaambia, maneno ya ukoo niliyabeba. Ule uso uliogeuka ndio ulioniangusha.

Nilichukua watoto nikaenda kukodi chumba Nyalenda. Nikaanza kuuza omena, wale dagaa wa ziwani, kwa mikebe pale karibu na bomba la maji. Habari zikanifuata. Wanawake waliokuwa wakipanga foleni ya maji walikuwa wananunua kwa mwingine, wakipita kwangu wanavuta watoto upande wa pili. Mimi nami nikawa kama wao. Jirani akinisalimu, najiuliza anataka nini. Mtu akinunua omena, namfuata kwa macho nione kama atazimwaga. Nilifika mahali nikaanza kujiuliza mwenyewe: je, kama ni kweli? Kama mdomo wangu ndio uliovunja gari? Mtu akisingiziwa na wengi, siku inafika anaanza kujichunguza kama mwizi.

Ndipo mama mmoja wa kikundi hiki akaja. Amenikataza nisimtaje, na hapo alipo ananikazia macho. Aliingia chumbani kwangu bila kubisha, akaketi kwenye kreti, akasema, "Nina njaa. Umepika nini?" Akala, akamaliza, akaomba nyongeza. Wengine waliokuja naye wakala. Mimi nililia mpaka nikashindwa kupakua.

Alipomaliza akaniuliza, "Hilo gari liko wapi sasa?"

Nikamwambia polisi waliliachilia, limekokotwa hadi kwa shemeji kule Seme, na nimesikia anataka kuliuza likatwekatwe kama chuma chakavu.

"Mbona ana haraka?" akasema. "Twende kabla halijakatwa. Na mama mkwe wako awepo."

Tukaenda wanawake watupu. Mama mkwe alikuwa mzee sana, anatembea kwa fimbo, na tangu ajali hakuwa amenisemesha. Akatoka nje kwa sababu ya heshima ya wageni tu. Pikapu ilikuwa imelazwa ubavu kando ya zizi, tumbo lake wazi. Shemeji akaja mbio.

"Msiguse, hilo lina mnunuzi."

Mama mkwe akampita. Akaninyoshea kidole. "Wewe uliyeona, nionyeshe ulichoona."

Nikamwonyesha zile mbavu mbili ndefu za chuma. Nikamwambia, "Mama, hizi ndizo zinazobeba gari lote, kama paa linavyobebwa na boriti. Sikuwahi kuona ndani yake. Niliona tu kwamba zinalegea."

Akasogea. Akainua fimbo yake, fimbo ya mti ya kawaida, akadunga chuma hicho pale kwenye lami. Fimbo ikaingia.

Ikaingia! Akaichomoa, akadunga kando kidogo, ikaingia tena. Kutu ikamwagika kutoka ndani, vipande vyekundu vya tabaka tabaka, ikajaa kwenye majani. Wanawake wakaanza kubandua lami kwa visu vya samaki. Chini ya lami hapakuwa na chuma. Palikuwa na matambara, na juu ya matambara vipande vya bati vimebandikwa. Mama mkwe akainama, akafuta kipande kimoja kwa kiganja. Palikuwa na picha ya chapati na maandishi ya rangi.

"Hili si debe la mafuta ya kupikia?" akauliza.

Ni debe, jamani. Mzee wangu alikuwa anapanda Riat na makreti ya mbuta juu ya debe la mafuta ya kupikia.

Mama mkwe akamgeukia mwanawe. "Ulijua?"

Shemeji akatazama chini. "Niliwakuta watu wa yule bwana wakilipaka lami," akasema. "Wakaniambia ni ya kuzuia kutu. Sikuuliza zaidi."

Mpaka leo nikimwona namsalimu vizuri, lakini sijui kama kweli hakuuliza, au aliuliza akajibiwa.

Mama mkwe akanishika mkono. Akasema, "Nyathina," yaani mwanangu, "nisamehe." Kesho yake alijikokota mpaka hospitalini na kile kipande cha bati ndani ya leso, akakiweka kifuani mwa mtoto wake, mbele ya wadi nzima. "Mkeo si mchawi," akamwambia. "Mkeo ana macho. Wewe ndiye ulikosa masikio." Mzee wangu alilia kama mtoto, akaomba niitwe.

Tulikwenda Milimani pia, mimi na wanawake hawa. Mlinzi wa lile lango akatushangaa. Mwenye nyumba aliyetoka kutusikiliza hakuwa yule aliyetuuzia gari. Yule hakuwahi kuishi pale hata siku moja. Alikuwa anaegesha tu nje ya lango la mtu! Hatukumpata, na sitawadanganya kwamba tulipata haki. Alichopaka lami mahali pengine Mungu ndiye anajua.

Lakini mzee wangu anatembea. Anachechemea, ila anatembea. Samaki nilirudia, mwanzo kwa kukodi baiskeli, baadaye tukanunua gari lingine, kuukuu vilevile, ambalo nililitazama chini mpaka mwenyewe akaniuliza kama nataka kuolewa nalo.

Nawashukuru wanawake wa kikundi hiki, mlioniruhusu kuwapikia wakati wengine wanamwaga chakula changu. Namshukuru mama mkwe, ambaye sasa amelala kaburini, kwa kukubali kutembea hadi kwenye lile gari na miguu ile aliyokuwa nayo. Namshukuru mzee wangu aliyeweza kusema "nilikosa", maana wanaume wachache wanalijua neno hilo. Mnacheka, lakini ni kweli.

Na kwenu nyinyi mnaotaka kununua magari: msinunue rangi. Pigeni magoti, chukueni bisibisi, dungeni fremu, zile mbavu za chini, pale palipopakwa vizuri kupita kiasi. Muuzaji akikukataza kugusa mahali, gusa hapohapo. Na ukisikia mtu nyumbani kwako, awe mke, awe mama, awe mtoto, anasema jambo fulani litavunjika, usikimbilie kuuliza amelogwa na nani. Mwambie akuonyeshe. Ukishaona kwa macho yako, basi mtabaki wawili mnaojua, na hakuna atakayefunga safari peke yake, kama mzee wangu siku ile ya Riat.