Perpetua wa Karthago na Karatasi Niliyokataa Kuitia Sahihi

Bwana apewe sifa, ndugu zangu. Nawasalimu wa hapa Alief, na ninyi mliotoka Dallas asubuhi mapema kuja kuabudu nasi. Sijazoea kusimama mbele za watu, kwa hiyo nitasema polepole.

Mimi ni nesi. Naitwa Perpetua, jina nililobatizwa kwetu Nyeri, na kwa miaka mingi sikujua lilikuwa la nani. Nilikuja Marekani na mtoto mchanga, tukapanga chumba mtaa wa Gulfton, na tangu siku ile niliogopa kila kitu: barua, simu ya namba nisiyoijua, uso wa mkubwa wangu kazini. Niliomba kila siku, lakini ndugu zangu, nilimwogopa msimamizi wangu kuliko Mungu.

Nilifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, upande wa Pearland. Kulikuwa na mzee mmoja, zamani seremala, ambaye nilitakiwa kumwangalia kila baada ya saa mbili. Mchana mmoja tulikuwa manesi wawili badala ya wanne, na saa yake ikanipita. Nilipoingia nilimkuta sakafuni, nyonga imevunjika. Hakuna aliyejua alilala pale kwa muda gani. Alifariki hospitalini siku chache baadaye.

Siku ya pili baada ya kifo chake msimamizi aliniita. Alikuwa Mkenya mwenzangu, mama aliyenitafutia kazi ile. Akaweka karatasi mezani. Ilisema nilimwona mzee saa nane na nikamkuta salama. Chini palibaki nafasi ya sahihi yangu.

"Ni mstari mmoja tu, Perpetua," alisema. "Usipotia sahihi, leseni yako imeenda, na yangu pia. Una mtoto. Niletee kesho asubuhi."

Nilimpigia baba simu, nikamweleza. Baba ni mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa. Hakuwahi kunifundisha uongo. Nilitaka aniambie nikatae. Nikamsikia analia.

"Mama, tia hiyo sahihi," akaniambia. "Yule mzee huwezi kumrudisha. Mhurumie mtoto wako. Zihurumie mvi zangu."

Jioni hiyo nilikuwa nakunja nguo na jirani yangu Mama Neema, Mkongomani, kwenye chumba cha kufulia cha jengo letu. Aliona macho yangu, nikamweleza yote. Hakunipa ushauri. Aliniuliza tu, "Dada, hii jina yako, unajua ni ya nani?"

Nikasema sijui.

Ndipo akanisimulia. Zamani, Wakristo walipokuwa wakiuawa na Warumi, palikuwa na mwanamke kijana aliyeitwa Perpetua huko Karthago, Afrika ya kaskazini. Alikuwa ananyonyesha. Walimfunga gerezani na kumtaka atoe sadaka kidogo tu kwa miungu yao kwa ajili ya mfalme, aende zake nyumbani. Baba yake mzee alimjia akilia, akamsihi amwonee huruma yeye na mtoto. Alimpenda baba yake, na alihuzunika kwa ajili yake. Hata hivyo mbele ya hakimu alisema yeye ni Mkristo, na hakuwa na jina lingine la kujiita. Wakamtupa kwa wanyama wakali, kisha akauawa kwa upanga.

Nilikasirika. Nikasema, "Huyo si alimwacha mtoto wake?"

"Ndiyo, alimuacha," Mama Neema akajibu. "Hata mie hapo pananiumiza. Lakini hakusema uongo juu ya Yesu."

Ndugu zangu, sikusikia sauti kutoka mbinguni. Nililala nikiogopa, nikaamka nikiogopa. Lakini nilipofika ofisini niliirudisha ile karatasi bila sahihi, nikaomba nyingine, nikaandika kwa mkono wangu: nilitakiwa kumwona saa nane, sikumwona. Msimamizi aliisoma akasema, "Umeniua." Nilitoka nje, nikakaa kwenye gari, na hapo ndipo nilipogundua kwamba hofu imeniacha. Nililia, lakini sikuogopa. Hilo ndilo Bwana alilonitendea.

Nilifukuzwa. Kwa muda wa miezi minane, leseni yangu ikichunguzwa, nilipima samaki na kufunga unga katika duka moja la Waafrika. Binti wa yule mzee aliomba kuniona. Aliniambia mimi ndiye pekee niliyemweleza ukweli. Hakusema amenisamehe. Alinishika mkono, tukakaa hivyo.

Mwishowe nilipewa onyo, nikaruhusiwa kurudi kazini chini ya uangalizi. Yule mama msimamizi aliondolewa kazini. Silifurahii hilo, namwombea kwa jina lake kila siku. Na juzi baba alinipigia akasema, "Nilikuomba vibaya." Nikamwambia, "Baba, uliniomba kama mzazi."

Simfananishi aliyemwaga damu na mimi niliyepima samaki. Namshukuru Mungu tu kwamba Yule aliyesimama naye siku ile Karthago alisimama nami Pearland.

Pengine umekaa hapa leo na jambo unaloogopa kulisema. Mtegemee Bwana. Baada ya ibada nitakuwa kwenye kiti cha mwisho, karibu na mlango. Njoo ukae nami. Huna haja ya kunieleza. Tutaomba, na kesho asubuhi nitakupeleka kwa gari langu huko unakoogopa kwenda, na nitakungoja nje mpaka utoke.