Itifaki Kabla ya Bibi Harusi

"Mimi ni Nanjala, dadake bibi harusi," alinong'ona abiria wa mbele yangu kwenye basi la kwenda mtaa wa Satellite, akifanya mazoezi ya hotuba ya kesho. Mzee aliyeketi kando yake, ambaye hakuwa amealikwa popote, akamkatiza: "Hujasalimia chifu, msichana wangu." Nanjala akamwambia, "Nimepewa dakika tano tu, mzee. Nitasema itifaki imezingatiwa, niendelee." Mzee akatikisa kichwa. "Mtu usipomtaja, hakusikizi." "Haya, nionyeshe," Nanjala akasema.

Mzee akakohoa, akaanza na askofu, akaja kwa chifu, wazee wa ukoo, mashemeji kutoka Bungoma na kamati ya chakula. Alikuwa na sauti tamu, sikatai. Hata makanga aliacha kudai nauli, akasikiliza.

Basi likasimama. Nanjala akainuka akitabasamu. "Asante, mzee. Na bibi harusi?"

"Ngoja kidogo," mzee akasema. "Bado sijafika kwa watu wa tenti."