Eqilana Duneq na Mawe Meusi ya Kiatak

Marehemu Eqilana Duneq alizaliwa Siorapaluk, kaskazini mwa Greenland, tarehe 14 Mei 1951, mtoto wa pili kati ya watano wa hayati Sorqaq na hayati Naduk. Alianza shule Qaanaaq mwaka 1959, akamaliza 1966. Mwalimu wake aliandika kwamba alikuwa msikivu, ila dirisha lisifunguliwe.

Tarehe 6 Julai 1974 alifunga ndoa na Masauna, mwindaji, wakajaliwa watoto wawili. Kuanzia 1978, kila kiangazi, walikuwa wakiwabeba kwa boti yao wanajiolojia waliokuja kuchunguza miamba. Masauna alishika usukani. Eqilana aliajiriwa kupika, lakini haukupita mwaka wa pili akawa ndiye anayewaonyesha wageni pa kugonga nyundo, maana Kisiwa cha Kiatak alikijua jabali kwa jabali.

Tarehe 19 Agosti 1983, wakitoka Kiatak na Bwana Troels, mwanajiolojia Mdenmark, upepo uliwageuka na maji yakaanza kuingia botini.

"Tupa hayo mawe!" Masauna alipiga kelele.

Troels alikuwa amelikumbatia gunia lake la mawe. Eqilana alimtazama, kisha akaishika nyama ya sili, chakula cha mbwa cha wiki mbili, akaitosa yote.

"We mwanamke, una wazimu?"

"Sili wengine wapo. Mawe haya nimeyashusha kwa mgongo wangu siku tatu. Kumba maji, acha maneno!"

Walifika Qaanaaq wameloa chapachapa, gunia liko salama. Mbwa walimnunia Masauna hadi Septemba.

Kiangazi kilichofuata Troels alirudi na hadubini, akaiweka juu ya meza ya jikoni kwa Eqilana. Yale mawe meusi yalikuwa tope la bahari lililolala tabaka juu ya tabaka miaka zaidi ya bilioni moja iliyopita, na ndani yake mlikuwa na mabaki ya viumbe wadogo ajabu, wa mviringo kama mayai ya samaki. Eqilana alichungulia muda mrefu.

"Kumbe walijaa humu wote hawa," alisema. "Na sisi tulitaka kuwazamisha tena!"

Masauna naye akachungulia. "Wanaliwa?"

Eqilana alicheka mpaka akakaa chini. Kazi ya kuwaongoza wanajiolojia aliifanya hadi 2014.

Kifua kilianza kumsumbua mwaka 2021. Alitibiwa Qaanaaq na baadaye Nuuk, kisha akaomba arudishwe nyumbani. Alifariki tarehe 3 Machi 2024, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Masauna.

Ameacha mume, watoto wawili, Nivikannguaq na Jakub, wajukuu sita, na kitukuu mmoja wa kike aliyezaliwa siku nne baada ya msiba, akapewa jina lake kama ilivyo desturi yetu, kwani aliyefariki hurudi kwa mtoto anayerithi jina lake. Masauna alipopakatishwa mtoto huyo alimwangalia sana.

"Siku nne tu, mke wangu?" alimwambia. "Na mimi ndiyo kwanza nilikuwa naanza kuzoea ukimya."

Eqilana, pumzika kwa amani. Na wewe Eqilana, karibu nyumbani.