Kardani ya Kushoto Haijaingia

Mgeni rasmi, Komisere, mkuu wa zone yetu ya mji, sisi mafundi wa Katuba tunakushukuru kwa kuja mwenyewe kuchukua gari la zahanati. Tafadhali keti. Kiti hicho kimetoka katika gari, lakini tumekifuta.

TULIKOTOKA

Tulianza mwaka wa 1984, watu watano. Hakuna aliyesomea ufundi. Tulijifunza kwa kufungua na kufunga tena. Tangu uporaji wa mwaka juzi, vipuri ni shida mjini, nasi tunaunda kimoja kutoka katika viwili vilivyokufa.

KAZI ILIYOFANYIKA

Gari hili lilikuja na kardani mbili zilizokwisha. Kardani ni kile chuma kirefu kinachopeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu la mbele. Ya kulia tumeiweka, na mfuko wake wa kuzuia vumbi Simone ameukata kutoka katika mpira wa ndani wa tairi la lori.

Kazi hii inataka watu wawili. Kabwe anavuta kitovu cha gurudumu kuelekea nje. Kapinga analala chini na kuingiza meno ya kardani katika boksi ya gia. Nyundo haitumiki. Siku Kabwe alipoishika, Kapinga, ambaye humwita yaya, yaani kaka mkubwa, alimwambia: «Yaya, ile haiko mulango. Unapiga hodi kwa nani?» Kardani ikikaa vizuri, Kapinga husema «Leka!», yaani achilia, na Kabwe huachilia.

MATATIZO

Mgeni rasmi, unajua kwamba mwaka huu watu wenye asili ya mkoa wa Kasai wanaambiwa waondoke kwetu, warudi huko. Jumanne asubuhi tulikuwa upande wa kushoto wa gari. Vijana wengi walisimama mlangoni wakauliza: «Mukasai wenu iko wapi?»

Tulinyamaza. Vijana hatuwahukumu, kwa kuwa hatujui nani aliwatuma. Ukimya wetu tunaujua.

Kapinga alijibu mwenyewe kutoka chini ya gari: «Niko huku. Mungoje ninawe mikono.»

Kabwe alikuwa bado anavuta kitovu, hataki kuachilia. Kapinga akamwambia polepole: «Leka, yaya.» Kwa miaka tisa hakuwahi kulisema neno hilo kabla kardani haijaingia.

Sasa yuko stesheni pamoja na mke wake Mujinga na watoto wanne, wanangojea treni. Alizaliwa hapa Katuba. Kasai hajafika hata siku moja. Juzi tulijaribu kumaliza bila yeye, tukapasua mpira unaozuia mafuta. Tumepata mwingine, mmoja tu, na hatutaki kuugusa. Kwa hiyo gari halitatoka leo. Utusamehe.

OMBI

Hatuombi vipuri. Tunaomba karatasi yenye saini na muhuri wako, iseme kwamba Kapinga ni fundi wa zone, na kwamba watu wake na nyumba yake wasiguswe. Treni haina saa. Inaweza kuondoka leo. Paulin ameweka baiskeli tayari.

Tunajua karatasi hiyo itakuletea maneno. Sisi tulipoulizwa, tulishindwa kufungua kinywa. Hatukuombi kama mashujaa.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na awaangalie wote waliolala stesheni.

Ni sisi, Mafundi wa Magari wa Katuba, watu watano:
Vital, aliyesoma risala hii,
Kabwe,
Simone,
Paulin,
Kapinga.