Mgongo wa Amplifaya

Benchi la kijiwe lina mguu mmoja mfupi, kwa hiyo anayeinuka bila kuaga huwamwaga wenzake. Ndipo alipokuwa amekaa Mkasi, fundi cherehani, kahawa imempoa mkononi na roho iko juu juu. Jioni mama mkwe wake anakuja na diski ya harusi ya Mkasi na bintiye. Mara ya mwisho picha ilitoka safi, sauti ikagoma: marehemu baba mkwe alisimama kwenye kioo cha TV akimpa bwana harusi nasaha, midomo inacheza, kimya. Mama wa watu aliondoka bila kumaliza chai, na kesho yake deki ya kuchezea diski ikafa kwa moshi. Sasa Mkasi anatafuta deki nyingine, itakayopatana na amplifaya yake ya zamani, ile yenye spika tano na besi inayotikisa vyombo. Akaomba ushauri kijiweni, na hapo alijitakia mwenyewe.

— Chukua mpya kabisa, alisema Volti, aliyewahi kubadilisha fyuzi moja na tangu siku hiyo akawa mhandisi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ukiichomeka tu, hiyo amplifaya inapata nafuu.

— Kwani inaumwa nini?

— Uzee.

— Acha kumpoteza mwenzio! alidakia Randa, seremala. Huwezi kumuoza bibi kizee kwa kijana. Amplifaya ya zamani itafutie deki ya zamani, waheshimiane.

Mkasi alipumua.

— Jamani, dukani zipo za aina mbili. Moja ina tundu la kisasa la HDMI peke yake. Nyingine ina pia yale ya zamani ya AV, mekundu na meupe. Nichukue ipi?

— HDMI? Volti alitikisa kichwa. Unajua ile H ni ya nini? Haraka. Na haraka haraka haina baraka.

— Na AV?

— Akiba ya Vikongwe.

— Si nilisema! Randa alipiga paja.

Wembe, kinyozi, alikuwa anapika jambo lake tangu mwanzo.

— Tatizo si deki, ni waya. Samaki mkunje angali mbichi. Waya usipoukunja ukiwa mpya, sauti ikifika kwenye kona inashindwa kukata.

— Kona gani tena?

— Zile za nyuma ya kabati. Picha ni nyepesi, inapita. Sauti ni nzito.

— Kama ni nzito, alisema Volti, deki ikae juu, sauti iteremke yenyewe. Yako ilikuwa wapi, Mkasi?

— Chini.

— Umeona? Mzee wa watu alikuwa anapanda mlima!

— Na kifua chake kile, Wembe aliongeza kwa huruma.

Mkasi alitamani kucheka na kulia kwa pamoja. Kabla hajachagua, akamwona mama mkwe wake anakuja, mkoba begani. Akaruka kama kachomwa sindano. Benchi likainama, Volti na Wembe wakajikuta chini na vikombe vyao.

— Shikamoo, mama! Mbona mapema?

— Marahaba, baba. Usingizi ulinikataa, nikaona niwahi. Hawa wanaanguka nini?

Mkasi akamweleza yote, mpaka habari ya mlima. Mama alisikiliza hadi mwisho.

— Sasa hiyo amplifaya yenyewe ina matundu gani kwa nyuma?

Mkasi aliifuta vumbi kila siku, kila kitufe alikijua, lakini mgongo wake hakuwahi kuutazama. Iliingizwa ukutani pamoja na waya zake, kwenye kabati ambalo Randa alilipigilia misumari pande zote. Vichwa vyote vikamgeukia Randa.

— Nilitaka ipendeze, alisema Randa.

— Nyani haoni kundule, alisema Wembe akiwa bado chini, na kwa mara ya kwanza tangu kijiwe kianze, methali ikatua mahali pake.

Hakuna aliyecheka. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi kando ya Randa, diski ameipakata ndani ya kitambaa.

— Sura yake ninayo, alisema. Picha zimejaa ukutani. Sauti ndiyo inanipotea. Juzi nilijaribu kukumbuka alivyokuwa akiniita, nikasikia sauti yangu mimi mwenyewe.

Mwenye kahawa akatikisa birika. Halikuwa na kitu.

Randa akashika ukingo wa benchi kwa mikono miwili, asije akamwangusha mama.

— Jamani, nainuka.

— Unakwenda wapi? aliuliza Volti.

— Kufuata msumeno.