Mliniombea Ini Gumu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena, maana wengine mmeitikia kama hamjanywa chai. Mimi ni Baba Mwende, mchonga vinyago wa kule Majengo, na leo nimesimama kuwaambia jinsi kanisa hili lilivyoniombea vibaya.

Msicheke, sikilizeni. Mwaka jana nilipatikana na uvimbe kwenye ini. Watu husema maneno makali hukata maini. Langu mimi lilikuwa likatwe kwa kisu. Daktari mpasuaji alinieleza kwamba kipande kinachobaki hufanya kazi yote peke yake, na kikishindwa, mtu anakufa. Kwa hivyo kwanza wangepima ugumu wa ini langu. Likifaulu, wanatoa uvimbe. Likifeli, hawanigusi.

Mimi nikashika hilo neno ugumu. Ndugu zangu, nimeshika patasi tangu utotoni, Ukambani. Kwetu gogo gumu ndilo gogo. Mpingo hudumu, jakaranda laini hupasuka ikiachwa juani. Sikuuliza swali. Nilirudi nyumbani Makongeni nikamwambia Mama Mwende, naye akalileta ombi hapa: ini la mume wangu liwe gumu. Mkafunga siku tatu. Pasta akaomba liwe kama mwamba, nanyi mkasema amina.

Siku ya kipimo nilikwenda bila kula, walivyoniagiza. Binti wa mashine ya ultrasaundi alinilaza, mkono wa kulia juu ya kichwa, akanipaka jeli baridi mbavuni. Niliogopa, lakini hamu ya kujua ikanishinda, nikamuuliza anafanya nini. Akasema kifaa kinatuma mtetemo mdogo ndani, na mashine inapima mwendo wake: kwenye ini gumu unakimbia, kwenye laini unakwenda polepole. Nilishangaa! Mimi pia hugonga gogo kabla ya kulichonga, nikatega sikio nijue kama ndani mna ufa. Kumbe hawa nao ni wagongaji! Akarudia mara nyingi, kila mara ananiambia nizuie pumzi.

Halafu akasema, "Mzee, ini lako ni laini."

Nililia mbele ya mtoto wa watu. Nikamwambia basi nimekwisha, na kanisa zima lilikuwa limefunga liwe gumu.

Akaweka kifaa chini. "Mzee, ini gumu ni lile lenye makovu. Hilo likikatwa, kinachobaki huenda kikashindwa. Laini kama lako ndilo tunalotaka."

Niliketi pale na jeli mbavuni, nikacheka huku machozi hayajakauka. Mpasuaji naye alinionya kwamba kipimo si unabii, wakapima na damu pia, ndipo akakubali. Nilikatwa. Kilichobaki kimefanya kazi hadi leo, na juzi nimemaliza twiga mrefu kuliko mimi.

Ndugu zangu, mlifunga siku tatu mkiniombea kifo, na mlifanya hivyo kwa upendo. Mungu alitazama upendo, maneno akayaacha. Namshukuru kwa kutotujibu! Wewe unayeogopa kuomba kwa sababu hujui useme nini, njoo uombe tu, hata ukikosea. Na daktari akikwambia neno usilolielewa, muulize.

Siku nyingine mkiniombea, semeni tu: Bwana, unajua anachohitaji Baba Mwende. Kisha mseme amina kama watu waliokunywa chai.